Mwamba wa Maore Unauawa Mlimani

Mwezi wa Desemba 2024 redio zilituletea habari za kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte. Tarehe 14 ya mwezi ule kimbunga kilichoitwa Chido kilikipiga kisiwa kizima asubuhi moja. Upepo ulipita kilometa 200 kwa saa. Nyumba za mabati zilipeperushwa kama makaratasi, miti ya milimani ilivunjika au ikabaki bila jani hata moja, na Serikali ikahesabu watu 40 waliokufa, mbali na wale ambao hawakuonekana tena. Kwetu Kongo wengi walisikitika, kwa kuwa wako ndugu zetu waliokwenda kule kutafuta maisha, wakipitia Tanzania na Komoro, na mwisho wakavuka ndani ya mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Jina hilo limetoka kwetu, mjue. Ni ile ngoma ya Kongo ya kutikisa viuno, maana mashua zile hutikisika vile vile juu ya mawimbi.

Lakini pamoja na masikitiko tulisikia na neno lingine, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Tulilisikia nje ya kanisa baada ya misa, kutoka kwa mtu aliyesoma. Alisema: «Watu wa visiwani wameiharibu bahari yao wenyewe. Wanawake wao wanakanyaga matumbawe, wavuvi wao wanachukua hata samaki watoto. Mwamba uliokuwa unawakinga wameuvunja. Sasa wanalia nini?» Waliosimama pale walitikisa kichwa kukubali.

Sisi hatukubali. Yako kweli kidogo katika maneno hayo, nasi tutaisema. Lakini aliyeshtakiwa siye aliyeua.

Sisi watu wa bara hatuyajui matumbawe, ndiyo maana tunayasema ovyo. Mtu akiokota tumbawe kavu pwani anafikiri ameokota jiwe. Kumbe ni jiwe lililojengwa na vinyama, kama kichuguu kilivyojengwa na mchwa. Kinyama chenyewe ni kidogo na laini, kina mdomo mmoja na vidole vyembamba vinavyouzunguka. Kinachota chokaa iliyomo ndani ya maji ya bahari, kinajijengea nyumba, kinazaa, na watoto wanajenga juu ya nyumba za wazee wao. Tena ndani ya mwili wake kimepangisha mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na chakula hicho ndicho kodi inayomlipa mwenye nyumba. Pasipo mwanga hakuna kodi. Shikeni neno hilo la mwanga, maana shauri letu lote linasimama juu yake. Matumbawe mazito, yale ya mviringo kama kichwa, hukua kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Hesabuni wenyewe ukuta wenye kimo cha mtu umehitaji miaka mingapi.

Maore ni kisiwa cha mlima wa moto. Watu wa Goma hawana haja ya kufundishwa mlima wa moto ni kitu gani. Wanalala juu ya mawe ya Nyiragongo, na wameuona moto wake ukishuka mwaka 2002 na tena 2021. Lakini mlima wa moto uliozaliwa katikati ya bahari una maisha yake. Ukiisha kuzimika hupoa, unakuwa mzito, unaanza kuzama polepole sana, kwa mamilioni ya miaka. Matumbawe yaliyoshika pwani yake hayakubali kuzama pamoja nao, kwa sababu yanataka mwanga. Basi yanajenga kwenda juu. Mlima unashuka, ukuta unapanda, na kati ya hivyo viwili bahari ya ndani inazidi kupanuka. Mwingereza Charles Darwin aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1842, na wengi walimbishia. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa kisiwa cha Enewetak katika bahari ya Pasifiki. Walipita katika chokaa ya matumbawe zaidi ya mita 1,200, na chini yake wakakuta jiwe la mlima wa moto. Ubishi ukaisha.

Katika visiwa vinne vya Komoro mtu anaweza kuyaona maisha hayo kama anavyoona mtoto na mzee wa nyumba moja. Ngazidja ni kijana. Mlima wake Karthala bado unatoa moto, na mwamba wake ni mwembamba, umeshikamana na pwani. Maore ni mzee wao. Mwamba wake wa nje umekwenda mbali na nchi kavu, una urefu wa zaidi ya kilometa 150, na upande wa kusini-magharibi umekuwa hata kuta mbili, jambo lisiloonekana mahali pengi duniani. Bahari ya ndani, tulivu, ina zaidi ya kilometa za mraba 1,000. Kisiwa chenyewe kina 374 tu. Kwa hiyo ua wa nyumba ni mkubwa karibu mara tatu kuliko nyumba, na ukuta wa ua ule umejengwa bila mtu kubeba hata jiwe moja.

Ukuta huo unafanya kazi gani? Wataalamu waliokusanya vipimo vya miamba ya nchi nyingi waliandika mwaka 2014 kwamba, kwa wastani, mwamba wa matumbawe hunyang'anya mawimbi sehemu 97 katika 100 za nguvu zao. Wimbi linafika limekasirika, linavunjika huko nje, na linaloingia ndani ni mtoto wake. Ndiyo maana vijiji vya Maore vimeweza kukaa karibu na maji. Na sasa wanauhitaji ukuta ule kuliko zamani. Tangu Mei 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka mfululizo, watu wakalala nje kwa hofu. Mwaka uliofuata meli ya wataalamu iligundua mlima mpya wa moto chini ya bahari, kilometa 50 hivi mashariki ya kisiwa, wenye kimo cha mita 800 na zaidi. Waliupa jina Fani Maoré. Moto uliotoka huko ulikuwa umetolewa chini ya miguu yao, na kisiwa kikashuka kati ya sentimeta 10 na 20. Katika miaka michache! Siku za bamvua, maji yakijaa, bahari inaingia katika njia za vijiji ambazo zamani zilikuwa kavu. Mwamba hauwezi kupanda sentimeta 20 kwa miaka miwili. Ukiwa mzima utafuata polepole. Ukiwa mfu hautafuata kamwe.

Basi, nani anauua?

Tulisema kuna kweli kidogo katika maneno ya yule bwana. Maji yakipwa sana, wanawake wa Maore hutoka kwa miguu juu ya mwamba, mkononi wana fimbo ya chuma, wanatafuta pweza. Mahali wanapokanyaga, matumbawe yanavunjika. Pia huvua kwa nguo, desturi yao ya zamani waiitayo djarifa: wanawake kadhaa wanashika nguo, wanazunguka katika maji ya magoti, wanacheka, wanaimba, wanainua, na ndani ya nguo mna samaki wadogo wengi ambao wangekuwa wakubwa. Wako na wanaume wanaowaua kasa wanaopanda mchangani kutaga mayai, kwa ajili ya nyama. Nguva wamebaki wachache sana. Hayo ni makosa, na wazee wa Maore wenyewe wanayasema.

Lakini tazameni mahali mwamba unapokufa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi mno ya Maore yalipauka yakafa. Joto likizidi, kinyama hufukuza ile mimea yake midogo, kinabaki cheupe kama mfupa, na njaa inakimaliza. Watu walifikiri imekwisha. Lakini miaka kumi na zaidi ilipopita, mwamba wa nje, ule unaoogeshwa na maji safi ya bahari kuu, ulikuwa umerudi vizuri mahali pengi. Mwamba wa karibu na pwani haukurudi vile. Kama miguu ya wanawake na ndoana za wavuvi ndizo zingekuwa sababu kubwa, tungekuta vidonda vyao huku na huku, popote watu wanapofika. Lakini hali ni mbaya zaidi ndani ya ghuba, mbele ya midomo ya mito. Huko hakuna anayekanyaga kitu, kwa kuwa kuna tope.

Tope hilo ni jekundu, nalo limetoka mlimani.

Mvua za kashkazi zinapoanguka juu ya Maore, mito inageuka rangi ya matofali, na baada ya saa chache bahari ya ndani inakuwa nyekundu mbali na pwani. Udongo ule unafanya maovu mawili. Ukiwa bado unaelea, unaziba mwanga, na mimea midogo haiwezi kulipa kodi yake. Ukiisha kutua, unaifunika midomo ya vinyama kama mchanga unaomwagwa juu ya mtu aliyelala. Na watoto wa matumbawe, ambao huzaliwa wakielea wakitafuta jiwe safi la kushika, wanakuta tope. Mikoko iliyo pwani hushika sehemu ya udongo huo, lakini hata mikoko ina kiasi chake.

Watu wa Maore wana neno moja, padza. Ni mahali ambapo ardhi imechunwa ngozi: hakuna jani, udongo mwekundu mtupu, mifereji mirefu iliyochimbwa na mvua. Mgeni akiona padza kwa mbali husema ni pazuri, anapiga picha. Ni kidonda. Tena ni kidonda kikubwa kilichoanza zamani, na hapa tunataka yule bwana wetu msomi asikilize vizuri. Sultani Andriantsoly aliwauzia Wafaransa kisiwa mwaka 1841. Mara wakaja wenye makampuni, wakafungua mashamba ya miwa. Misitu ikafyekwa kwa ajili ya mashamba, na kuni zikakatwa kwa ajili ya matanuru ya viwanda. Utumwa ulifutwa mwaka 1846, lakini kazi ya mashamba iliendelea kwa watu walioletwa kutoka visiwa vingine na kutoka Msumbiji. Baadaye sukari ikafa, viwanda vikawa magofu, vyuma vyake bado vinaonekana katikati ya miti. Ikafuata mlangilangi, ambao mafuta yake ya marashi hupikwa kwa kuni pia. Wenyeji walipata nini? Ardhi tambarare na nzuri ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Walibakiwa na miteremko.

Na kwenye miteremko ndiko wanakolima mpaka leo, mihogo na ndizi. Watu wameongezeka: hesabu ya mwaka 2017 ilipata 256,518, yaani karibu 690 kwa kila kilometa ya mraba, na nyumba nne katika kumi zilikuwa za mabati. Kila nyumba mpya inachimba ngazi yake katika mlima. Wengi hawana maji nyumbani, wanafulia mtoni, na sabuni inafuata mto mpaka baharini. Mifereji ya maji machafu ni michache. Lakini msifikiri kwamba maskini peke yao ndio wanaochimba. Barabara, shule, maduka makubwa, nyumba za ghorofa, vyote huanza kwa katapila. Katapila moja kwa siku moja inafunua ardhi ambayo mama mwenye jembe angeifunua kwa mwaka, na kama mvua itaanguka kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, mlima wote unakwenda baharini.

Sasa tuje kwenye sheria. Tangu mwaka 1990 uvuvi umekatazwa katika mlango mmoja wa mwamba unaopinda kama herufi S, na samaki ni wengi pale, tunasifu. Mwaka 2010 Serikali ya Ufaransa ilitangaza kuwa bahari yote ya Maore ni hifadhi: kilometa za mraba zaidi ya 68,000. Tunasifu tena. Lakini hifadhi kubwa ya misitu ya milimani ilingoja mpaka mwaka 2021, nayo ina hekta 2,800 hivi, maana yake kilometa za mraba 28. Miaka kumi na mmoja waliilinda bahari mbele, na nyuma yao mlango wa tope ulikuwa wazi. Ni kama mtu anayefagia nyumba huku bomba linavuja juu ya dari, na kila jioni anamlaumu mtoto kwa kuingia na miguu iliyolowa.

Wengine watatuambia: «Mnapoteza maneno. Bahari inapata joto, 1998, 2010, 2016, na 2024 tena. Matumbawe yatakufa hata mkiushika udongo wote.» Joto hilo ni la kweli, nalo linatokana hasa na moshi wa nchi tajiri, mvuvi wa Maore hakuuwasha moto ule. Hatuwezi kumwambia aipoze bahari ya Hindi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tunasema: mwamba uliopigwa na joto huweza kupona ukiwa na maji safi, kama ule wa nje ulivyopona baada ya 1998. Wenye tope huugua mara mbili. Mgonjwa wa malaria huwezi kumwambia kwamba kwa kuwa malaria ni kali, hakuna haja ya kumpa maji ya kunywa.

Wengine, na hawa tunawasikia sana siku hizi, wanasema kosa ni la wageni. Watu wa Ndzuani, wa Ngazidja, hata wa kwetu Kongo, wanapanda mlimani, wanachoma msitu, wanapanda mihogo. Ndiyo, wako. Lakini ulizeni wanalima kwa sheria gani. Mtu asiye na karatasi hana ardhi. Analima kwa siri, au analima shamba la mwenyeji kwa malipo kidogo, na anaweza kufukuzwa wiki ijayo. Mtu huyo atapanda ua wa majani marefu wa kuzuia udongo, ambao utamsaidia baada ya miaka mitatu? Atachimba matuta? Hawezi. Atachukua kile ambacho ardhi inaweza kutoa mwaka huu, kisha atakimbia. Anayetaka mlima utunzwe ampe mkulima hakika ya kuvuna kesho. Kumfukuza tu ni kumsogeza kwenye mteremko mkali zaidi, ambako askari hapandi.

Na kuna dawa, isidhaniwe kwamba hakuna. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa kazi iitwayo Leselam wameupima udongo unaoondoka Maore, katika mashamba, katika vijiji na mahali pa kujenga, wakajaribu pamoja na wakulima mambo ambayo babu zetu wasingeshangazwa nayo: kufunika ardhi kwa majani makavu badala ya kuyachoma, kupanda mistari ya majani yenye mizizi mirefu kukata mteremko, kuchanganya mimea ili ardhi isibaki uchi. Udongo unaoondoka unapungua. Kwa wajenzi dawa ni rahisi zaidi: usifunue mlima mzima siku moja, na usifunue wakati wa kashkazi.

Chido amelifanya jambo hili kuwa la haraka. Msitu uliokuwa unashika udongo umelala chini. Mahali miti ilipoanguka, moto mdogo tu unatosha kufungua shamba, na mtu aliyepoteza kila kitu ana njaa leo, hatangoja miti iote. Tunamlaumu namna gani?

Tunarudi kwa yule bwana wa nje ya kanisa. Kwao ni Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishusha mawe na tope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walizikwa, wengi siku ya soko. Milima ya juu ilikuwa imefyekwa. Aprili 2020 mito ya Uvira ilifanya vile vile, na udongo wote ule ulikwenda Tanganyika, ukafunika mawe ambako samaki wadogo wa ziwa hula na kuzaa. Siku zile hatukumsikia hata mtu mmoja akisema kosa ni la wavuvi wa Uvira. Basi kwa nini wavuvi wa Maore?

Fikirini siku moja ya Desemba kule. Baharini walinzi wako ndani ya mashua yao, na wanamsimamisha mama mwenye ndoo ya pweza watatu. Labda amevunja sheria, sawa, aandikiwe. Juu, mwendo wa nusu saa kutoka pale, katapila inasukuma udongo mwekundu mpaka ukingoni mwa korongo, hakuna ua, hakuna shimo la kuukinga, na mawingu yamekwisha kuwa meusi juu ya Bénara. Tunataka kujua nani atapanda kuiandikia katapila ile.